Simulizi yako ya kwanza uiweke wapi: Facebook, WhatsApp, Wattpad au Amazon?

Swali hili hunijia mara kwa mara, na kwa kawaida anayeuliza huwa keshachelewa. Simulizi kaimwaga yote Facebook, kuanzia sehemu ya 1 hadi mwisho, ndipo anakuja kuuliza itauzwaje. Haiuziki tena, mpenzi. Wameshasoma. Kwa hiyo nimeamua kuandika mara moja, wengine wajao niwe nawatumia hii.

Tushike mfano mmoja tu ili tupime vitu kwa mizani moja. Una simulizi ya mapenzi na visasi, sehemu 40, kila sehemu ina maneno kama 1,200. Umeiandika kwa Kiswahili kwenye simu, usiku baada ya kazi. Hakuna anayekujua zaidi ya shoga yako na mdogo wako. Hiyohiyo simulizi, tuizungushe kote tuone inafika wapi.

Facebook

Hapa ndipo wasomaji walipo, tusibishane. Wazazi wetu walilelewa na kurasa za ndani za magazeti ya udaku, hadithi inakatika pale bunduki inapotolewa halafu chini wameandika "itaendelea wiki ijayo". Watoto wao wamehamia kwenye makundi ya simulizi ya Facebook na ladha ni ileile. Msomaji huyu ana bando la mitandao ya kijamii, anasoma akiwa kwenye foleni ya kituo au anasubiri maharage yaive. Humwambii afungue akaunti mpya wala apakue programu asiyoijua. Unabandika, anasoma.

Tena anakujibu papo hapo. "Admin shusha nyingine." "Huyu shemeji simpendi mpaka basi." Mwandishi mchanga anayahitaji maneno haya kuliko hela, kwa sababu ni kipimo. Sehemu ya 8 ikiwa na maoni 90 na ya 9 ikapata 10, umeshajua ulipowapoteza, na hakuna mhariri wa kukuambia haraka hivyo. Rudi kwenye ya 9 uitazame vizuri. Mara nyingi utakuta umetumia sehemu nzima kueleza maisha ya utotoni ya mtu ambaye msomaji alikuwa anasubiri afumaniwe.

Ubaya wake ni kwamba Facebook haikujengwa kwa hadithi ndefu. Nafasi ipo, chapisho moja linabeba herufi zaidi ya 63,000. Kinachosumbua ni mpangilio: mtu anakutana na sehemu ya 17 kabla ya ya 3, na ya 4 haimfikii kabisa. Ndiyo maana wazoefu huweka kiungo cha sehemu iliyotangulia kwenye maoni ya kwanza, na ukifika ya 20 kazi ya viungo inakula muda kama kuandika kwenyewe.

Halafu utanakiliwa. Sisemi "labda". Sehemu yako itatokea kwenye ukurasa mwingine, jina lako limefutwa, chini imewekwa namba ya simu ya mtu usiyemjua. Mimi yangu niliisikia ikisomwa kwa sauti kwenye chaneli ya mtu, mhusika mkuu kabadilishwa jina, makosa yangu ya tahajia yamebaki kama yalivyo mpaka msomaji anajikwaa palepale nilipokosea. Nilicheka kwanza. Hasira zilikuja baadaye.

Hela usizihesabu hapa. Facebook ni baraza, duka liko kwingine.

WhatsApp

Duka ni hili. Utaratibu unaujua kama umewahi kununua simulizi: unaachia sehemu kumi au kumi na tano bure, unakatisha pale mlango unapogongwa usiku wa manane, unaandika "simulizi nzima ipo WhatsApp, 2,000 tu" na namba. Msomaji anatuma kwa M-Pesa au Airtel Money, anakuletea meseji ya muamala, unamwingiza kwenye grupu.

Hakuna mtu wa kati anayekata asilimia. Anayetuma analipa ada ya kutuma, wewe unakatwa ukienda kutoa kwa wakala, basi. Wasomaji 100 kwa 2,000 ni shilingi 200,000 za Tanzania. Na kwa mtu asiyejulikana hao 100 ni wengi, usije ukadanganywa na wanaobandika picha za miamala. Wengi wetu tulianza na watu kumi na wanne, wawili wao ndugu.

Sasa upande wa pili. Hili ni duka ambalo wewe ndiye muuzaji, mlinzi na mfagiaji. Mimi ninalo daftari, kaunta buku la kawaida la kwata tatu, lenye safu nne: jina lililotokea kwenye muamala, namba iliyolipa, namba ya WhatsApp, simulizi aliyonunua. Namba mbili za nini? Kwa sababu dada analipa kwa simu ya mumewe, na mtu aliyeko Muscat anamtuma kaka yake wa Tanga amlipie. Usipoandika, wiki mbili baadaye anakuja mtu na "mimi nilishalipa" na wewe huna pa kushika. Mwaka fulani simu yangu ilichomolewa kwenye daladala la Mbagala. Laini nilirudishiwa kesho yake, mazungumzo hayakurudi maana sikuwa na nakala yoyote, na kama si lile daftari ningewapoteza watu wote walionilipa. Sehemu 11 za simulizi niliyokuwa naandika zilipotea moja kwa moja. Hizo hazikuwa kwenye daftari.

Grupu moja linabeba watu 1,024, kwa hiyo nafasi haitakusumbua mwanzoni. Kitakachokusumbua ni kelele. Weka mpangilio wa admin pekee kutuma, la sivyo sehemu ya 23 itazikwa chini ya "asubuhi njema wapendwa" na matangazo ya mafuta ya kukuza nywele. Na mtu akilipa leo wakati wewe uko ya 23, ni wewe wa kumpelekea 22 za nyuma, moja moja. Ukichoka utatengeneza PDF, na PDF ikishatoka mkononi mwako ni umbea, haina mwenyewe. Ushauri wangu: endelea kutuma maandishi sehemu kwa sehemu mpaka simulizi iishe, PDF iwe ya mwisho kabisa, na hata hiyo andika jina na namba yako ndani ya kurasa zenyewe, kwa sababu ya kwenye jalada wanaikata.

Jambo moja ambalo wanaume huwa hawalifikirii: kwenye grupu kila mwanachama anaiona namba ya mwenzake. Wasomaji wengi wa simulizi za mapenzi ni akina dada, na wapo wanaolipa 2,000 si kwa ajili ya kusoma. Dada akishafuatwa inboksi mara tatu anaondoka na harudi kununua simulizi yako ya pili. Chaneli za WhatsApp, zilizoanza 2023, zinaficha namba za wanaofuata, lakini ziko wazi kwa kila mtu, kwa hiyo zinafaa kwa kionjo na matangazo. Mzigo wenyewe uliolipiwa usiuweke huko.

Wattpad

Hii ni tovuti na programu ya simu ya kuandika na kusoma hadithi. Ilianzishwa Toronto, Kanada, 2006, na 2021 ilinunuliwa na Naver, kampuni ya mtandao ya Korea Kusini, kwa dola takriban milioni 600. Naitaja bei ili uelewe wananunua nini: wanatafuta hadithi za kugeuza filamu na vibonzo. Usikae kusubiri simu yao kwa ajili ya visasi vyako vya Kiswahili.

Kwa kusoma, hata hivyo, ni pazuri kuliko pote nilipopataja. Sehemu zako zinakaa kwa mfuatano, kuna jalada, kuna maelezo ya hadithi, na msomaji anaweza kusimama kwenye aya moja tu na kuandika maoni pembeni yake. Facebook atakuambia "sehemu hii kali". Hapa anakuambia "hii sentensi". Kwa mtu anayetaka kujifunza kuandika, tofauti hiyo si ndogo. Hakimiliki inabaki kwako, na hulipi kitu kuweka kazi.

Hulipwi pia. Mpango wao wa kulipa waandishi ni wa kualikwa. Na msomaji wako wa foleni ya daladala itabidi apakue programu, ajisajili, atumie bando la kawaida badala ya lile la mitandao ya kijamii. Kila hatua hapo inapunguza watu. Ukiandika kwa Kiingereza, kama wafanyavyo vijana wengi wa Nairobi, habari ni nyingine kabisa, huko Wattpad ndiyo ingekuwa ya kwanza. Kwa Kiswahili mimi naichukulia kama kabati la kioo: siku mtu muhimu akikuuliza "nione kazi yako", unamtumia kiungo chenye sura ya kitabu, si picha za skrini.

Amazon

Hapa ndipo ndoto za wengi hulala, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Huduma yao ya kujichapishia inaitwa KDP (Kindle Direct Publishing), ipo tangu 2007 ilipotoka Kindle yenyewe, kifaa chao cha kusomea vitabu pepe. Kupakia kitabu ni bure. Kikwazo cha kwanza kiko kwenye lugha: mara ya mwisho nilipoipitia orodha ya lugha wanazozipokea kwa vitabu pepe, Kiswahili hakikuwemo. Vitabu vya Kiswahili utaviona humo, ila usishangae chako kikirudishwa. Angalia orodha hiyo kabla hujamlipa mtu wa jalada.

Tuseme kimepita. Mrabaha, yaani fungu lako kwenye bei ya kila nakala, ni wa ngazi mbili, asilimia 35 au 70. Ile 70 inataka bei iwe kati ya dola 2.99 na 9.99, na inahesabiwa kwa wanunuzi walioko kwenye nchi zilizo katika orodha yao tu. Mnunuzi wa Dar es Salaam au Mombasa hayumo, yeye anakuletea 35. Chukua bei ya dola 2.99. Mnunuzi wa Marekani anakuachia kama dola 2.09, inapungua kidogo kwa gharama ya kusafirisha faili. Kisha kodi: Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo kwenye mapato ya huko unakatwa asilimia 30. Unabaki na kama dola 1.45, na inalipwa takriban siku 60 baada ya mwezi wa mauzo kuisha, kwa njia ya benki ambayo lazima uwe umeitengeneza mapema.

Nakala kwa nakala, hiyo bado ni kubwa kuliko 2,000 ya WhatsApp, tuseme ukweli. Lakini nani anainunua? Dola 2.99 ni zaidi ya shilingi 7,000 za Tanzania, kwa mwandishi ambaye hajulikani, kwa kadi. Kadi pepe za M-Pesa zipo siku hizi, ila msomaji mwenye nayo anaitumia kwa mambo mengine. Kwa mtu wa Temeke Amazon ni duka la ng'ambo. Kwa Mswahili wa Minneapolis au London ni duka la mtaani kwake, na huyo ndiye wa kumlenga ukienda huko. Kama humjui hata mmoja wa huko, subiri.

Mtego ninaotaka uuone mapema unaitwa KDP Select. Ukijiunga, kitabu kinaingia Kindle Unlimited, ambako msomaji analipa ada ya mwezi na kusoma atakavyo, na wewe unalipwa kwa kurasa zinazosomwa. Sharti lake: kwa siku 90 toleo la kidijitali lisiwepo mahali pengine popote, hata bure, isipokuwa kionjo cha asilimia 10. Zile sehemu 15 ulizoacha Facebook ni zaidi ya theluthi ya simulizi ya sehemu 40. Umeshavunja mkataba kabla hujauza nakala moja.

Wapo pia Draft2Digital, walioungana na Smashwords 2022, ambao hukusambazia kitabu kwenye maduka mengi na kuchukua karibu asilimia 10 ya bei. Hesabu ya kadi ni ileile. Aliye karibu zaidi na mfuko wetu ni Selar, jukwaa la Kinijeria linalopokea shilingi za Kenya, Tanzania na Uganda. Unapakia faili, mtu analipa kwa simu, anapakua. Kwa PDF iliyokwisha, linakuondolea ule usiku wa kukagua meseji za miamala. Wasomaji, lakini, lazima uwalete mwenyewe. Hakuna anayeingia pale kutafuta simulizi kama anavyoingia kwenye kundi la Facebook.

Blogu

Blogger, huduma ya blogu ya Google, ni ya bure, na Google inakusaidia kupatikana. Sehemu zinakaa kwa mpangilio wako, hakuna wa kukuhamisha. Lakini barabara haipiti mbele ya blogu, kila msomaji umwite. Ukiwa Tanzania kuna la ziada: Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 zilitaka hata wenye blogu wakate leseni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ada ya mwaka wa kwanza ikikaribia milioni mbili na laki moja. Ziliandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022, kwa hiyo usimsikilize anayekutisha kwa zile za zamani wala anayekuambia hakuna kitu. Soma toleo linalotumika sasa. Mimi ya kwangu niliifunga, si kwa leseni, ni kwa uvivu.

Jukwaa likifungwa

OkadaBooks ya Nigeria ilianza 2013, ikawa mahali ambapo mwandishi wa Afrika aliuza kitabu pepe kwa pesa ya nyumbani. Novemba 2023 ikafunga. Amazon nao walikuwa na Kindle Vella, ya hadithi za sehemu kwa sehemu kama zetu, kwa waandishi wa Marekani. Ilifunguliwa Julai 2021, Februari 2025 haipo. Kama mwenye Amazon mwenyewe anafunga, wewe usijenge kwenye kiwanja cha mtu bila kujua utatokea mlango gani.

Ndiyo sababu swali langu la kwanza kwa jukwaa lolote ni hili: siku likifungwa, au akaunti yangu ikipotea, naondoka na nini? Wafuasi 20,000 wa Facebook hawabebeki. Wasomaji wa Wattpad huna namba zao, na wanunuzi wa Amazon huwajui hata majina. WhatsApp, pamoja na fujo zake zote, inakuachia namba za simu za watu waliowahi kukupa hela kwa ajili ya maneno yako. Hao 60 au 100 ndio watakaonunua simulizi ya pili, na unaweza kuwapeleka popote.

Kuhusu wizi, hakimiliki ni yako tangu unapoandika, huhitaji muhuri. Kusajili kazi kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya, kunakupa ushahidi siku mkibishana na mtu. Na kama unawazia tuzo, kwa mfano ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, soma masharti yake kabla hujabandika neno hata moja. Tuzo za miswada hutaka kazi ambayo haijachapishwa, na wewe usiwe wa kuja kubishana kama Facebook ni uchapishaji. Simulizi unayoiota kwenye tuzo iache kwenye droo, andika nyingine ya mtandaoni.

Zile sehemu 40

Kama zingekuwa zangu, leo, na sijulikani: ningezimaliza zote kwanza. Anayeandika huku anabandika hukwama ya 19, na wasomaji hawasamehi simulizi iliyoachwa njiani hasa kama wamelipia. Nakala moja ningejitumia kwenye barua pepe, nyingine kwenye simu ya mtu wa nyumbani. Sehemu ya 1 hadi ya 12 zingekwenda Facebook, kila baada ya siku moja, saa mbili usiku watu wakiwa wameshakula, na zilezile 12 ningeziweka Wattpad kwa ajili ya kile kiungo. Ya 13 kuendelea ni WhatsApp, bei 1,000 kwa simulizi hii ya kwanza. Najua nimesema 2,000 huko juu, lakini hiyo ni ya mtu anayejulikana. Ikiisha ndipo PDF iende Selar. Amazon ningeiwaza nikishafika simulizi ya tatu na nikishaanza kuona namba za +1 na +44, za Marekani na Uingereza, kwenye daftari.

Na watakuja kwenye maoni kukuomba, watakuita bahili, mmoja atasema anaumwa yuko hospitali na hana cha kumliwaza. Mpe pole. Sehemu ya 40 haiendi Facebook.